Nilivyorudisha Mchanga Mtoni

Juzi nilipita Kyumbi, kando ya jengo linaloinuka, fundi akamwagia maji rundo la mchanga. Harufu ya mchanga uliolowa ikanisimamisha. Niliyekuwa naye alidhani nimesahau kitu nyumbani.

Kama hujaishi upande wetu wa Machakos, nikueleze kwanza. Mto wetu ulikuwa mkavu karibu mwaka mzima, lakini chini ya mchanga maji yalikuwepo, yamejificha jua lisiyafikie. Tulichimba kisima palepale mtoni tukateka kwa kikombe cha bati, maji baridi yenye ladha ya mawe.

Kisha malori yakaanza kuja kuchukua mchanga wa kujengea. Baba alikuwa mmoja wa wapakiaji. Viatu vyangu vya shule vilitokana na koleo lake. Mchanga ukipungua, maji nayo huzama. Mimi nilipima kina cha kisima kwa mwili wa mama, ambaye sisi tulimwita Mwaitu. Mwanzoni, akiwa kisimani, nilimwona kuanzia kiunoni. Baadaye nikaona kitambaa cha kichwa tu. Halafu mkono peke yake, ukinipa mtungi kutoka ardhini.

Nikaanza kuumwa na tumbo. Kwenye zahanati walinipa dawa ya minyoo, mara mbili. Tumbo halikujali.

Jumamosi moja nilichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, nikaujaza mchanga ambao baba alileta wa kupiga nyumba yetu plasta, nikaupeleka mtoni. Nilikuwa katika safari ya saba kaka yangu Mutua aliponiona.

“Kujeni muone,” akaita. “Mwende anarudisha mto. Si ulete na samaki basi.”

Mwaitu alitoka jikoni. Aliutazama mkebe, akanitazama mimi, wala hakucheka. Akanikalisha kando ya njia.

“Hii tumbo yako si minyoo,” akasema.

“Mwaitu, maji ikiisha tutaenda wapi?”

“Sijui, mwanangu. Hata mimi inaniuma hapa.” Akajishika chini ya kifua.

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniambia hajui. Ajabu ni kwamba nilipumua. Mwaitu akachukua ndoo, tukabeba mchanga pamoja mpaka jua likawa kali.

Kisima kilikauka kabla ya mvua, na hatukuteka pale tena. Siku hizi watoto wangu wakiniuliza kama mvua itanyesha, sikimbilii kuwaambia msijali. Nakaa nao chini kwanza, niwasikilize. Jaribu nawe.

Ila baba nilimwonea hasira kwa miaka mingi, nikidhani yeye haogopi. Kila jioni alikuwa akichelewa kurudi, kwa sababu alipitia njia ya mlimani, iliyokuwa mara mbili ya ile ya mtoni. Nilidhani anapitia kwa marafiki. Tulipokwisha kumzika ndipo Mwaitu aliponiambia: hakuweza kupita kisimani na koleo begani, mbele ya akina mama waliokaa wakingoja maji yajae.