Siku Nilipomnyima Mjukuu Wangu Akili Redioni

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, chekeni mmalize, kisha mnisikilize, maana aibu niliyoipata uwanjani Diani hadi leo yanifanya nipite njia ya nyuma nikienda dukani.

Mjukuu wangu Mwanakombo anacheza mpira wa kikapu katika shule ya wasichana hapa Msambweni. Anayeshindanishwa naye ni Sofia, wa shule moja ya Diani, mama yake mtu wa Tiwi, baba yake Mzungu. Wanafunga karibu sawasawa, lakini kila nikikuna nazi na redio imewashwa namsikia mtangazaji akisema Sofia ana akili, Sofia anausoma mchezo, na akifika kwa Mwanakombo ni misuli, ni trekta, ni nguvu za kuzaliwa (kana kwamba mtoto yule haamki alfajiri kufanya mazoezi). Lilinikera hilo, na kunitia hofu pia, kwani kocha wa chuo kimoja cha Mombasa alikuwa akitafuta msichana mmoja wa kumsomesha bure, nasi karo ya chuo hatuna.

Basi kabla ya mechi ya mwisho mtangazaji mwenyewe akaja kwangu na kipaza sauti, kijana wa bara, mwenye adabu zake. "Shosho," akaniambia, kama wanavyomwita bibi huko kwao, "mjukuu wako ni mkali sana. Siri yake ni nini?"

Sifa ile ikanitisha. Kwetu mtoto wako hutakiwi kumsifu mbele ya watu, usije ukamwitia jicho la hasidi. Mgeni akimsifu, wewe unamponda, na kila asikiaye anajua kuwa unamkinga. Nikamjibu kama nilivyowajibu watu tangu mtoto alipoota meno: "Nani, huyu? Hana lolote. Mvivu, akili hana, ni nguvu tu za kula muhogo."

Jirani yangu angeitikia, "Kweli, na sura pia hana," tukacheka yakaisha. Yule kijana akashukuru, akaenda zake.

Asubuhi ya mechi, redioni akaanza baba yake Sofia, anamsifu mwanawe bila haraka (Wazungu husifu watoto wao bila kuogopa kitu), kisha nikaisikia sauti yangu mwenyewe, na muhogo wangu, kisha mtangazaji akasema, "Mmesikia wenyewe, hata bibi yake anakubali ni nguvu tu." Nami nawaza, yule kocha yumo njiani anasikiliza. Mwanakombo alikuwa ameshaondoka na wenzake, nikajifunga leso nikapanda bodaboda, mimi ambaye huwakataza wengine.

Nafika, watoto wa Diani wanaimba kila Mwanakombo akishika mpira: "Mu-ho-go, mu-ho-go." Mtangazaji nikamwona upande wa pili. Ningezunguka. Sikuzunguka, nikakata katikati ya uwanja na ndara zangu, mchezo unaendelea.

Filimbi ikalia. Mpira ukanipita sikioni. "Mama, toka uwanjani," refa akasema.

"Natoka, mwanangu, nafika pale tu."

Nikafika, nikakishika kile kipaza sauti. "Mjukuu wangu ana akili," nikasema. "Mimi nilimponda kumkinga na husuda. Wewe uliyemwita trekta kabla hujanijua, ulikuwa ukimkinga na nini?"

Nilidhani watu watanyamaza. Walicheka uwanja mzima. Na kwa ajili yangu refa akawapa Diani mitupo ya bure, Sofia akarusha, ikaingia yote, na kwa mitupo hiyo hiyo tukashindwa. Mwanakombo hakunitazama.

Aliyenijia ni Sofia. "Shikamoo bibi. Usilie. Bibi yangu wa Tiwi huniita ng'onda, samaki mkavu asiye na faida."

"Marahaba. Naye walimhoji redioni?"

"Hapana. Walimtaka baba tu."

Kocha hajaamua. Alisema Jumamosi atakuja nyumbani kuzungumza na wazee wa Mwanakombo, nami najua ndimi za nyumba hii zilivyozoea kuponda. Kwa hiyo jana niliwakusanya wote sebuleni, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Mgeni akiuliza, mtoto huyu ana akili na ana bidii, na msitie neno jingine. Anayeogopa jicho asome dua moyoni, mdomo aufunge."