Penalti ya Anko Simiyu

Juzi nilipita uwanja wa Kibomet nikaona vijana wakifunga neti mpya golini, na ghafla nikasikia harufu ya vanishi. Ni harufu ya sanduku alilozikiwa anko Simiyu, kipa wa timu yetu ya mtaa.

Nilikuwa mtoto. Mchana ule, kabla ya kumpeleka kijijini Bumula kuzikwa, wachezaji walimlaza kwenye mstari wa goli, glavu zake juu ya kifuniko. Ilikuwa desturi yao: kipa akifa, apigiwe penalti ya mwisho adake, ndio kipa mwingine asiogope kusimama pale. Mimi kwa akili yangu ya utoto nilijua maiti hawezi kudaka. Kwa hivyo akidaka, ni mzima, tutarudi naye nyumbani. Nikaomba sana adake.

Nahodha akapiga polepole. Mpira ukabingirika kwenye nyasi mbichi, ukagonga mbao za sanduku, ukatulia hapo hapo.

"Amedaka!" nikapiga kelele. "Mfungueni, bana! Si amedaka?"

Hakuna aliyecheka. Kukhu, nyanya yangu, akaniziba mdomo kwa mkono ulionuka kitunguu.

"Nyamaza, mama. Anasikia."

Sasa najua mpira ulipigwa makusudi usimame, na labda haukuwa na upepo wa kutosha. Sitaki kumsingizia mtu. Pengine wengine wanakumbuka vingine. Lakini nilimwona nahodha, mtu mzima, akipiga magoti na kuweka sikio juu ya sanduku. Akakaa hivyo. Na sisi wote, hata pasta, tukangoja atuambie.