Gari Nililolisukuma Mwenyewe

Ndugu zangu wakikutana wanapenda kucheka habari za ile safari ya Kinampanda, gari lilivyotuhangaisha. Wacheke. Mimi sichekagi. Siku ile nilikuwa napelekwa kuachwa kwa shangazi, na ndani ya gari zima asiyejua alikuwa mimi peke yangu.

Shangazi, dada yake baba, hakujaliwa mtoto, na mumewe alikuwa amefariki. Wanakijiji walipohamishiwa kwenye kijiji cha Ujamaa akapewa nyumba mpya kwenye mstari, akabaki anaongea na kuta. Akamwomba baba mtoto wa kike wa kumlea. Kwetu hilo si jambo geni, mtoto ni wa ukoo. Baba akakubali. Wenzake walichangia majembe, yeye alinichangia mimi.

Mimi niliambiwa tunakwenda kutembea. Tusalimie, tule, tugeuze, maana miaka ile ya shida ya mafuta, Jumapili magari ya watu binafsi yalikuwa mwisho saa nane mchana. Ukikutwa barabarani baada ya hapo, unalo. Nilikuwa na miaka tisa, na mtaa mzima wa Mandewa nilikuwa nimeshauringia kwamba naenda safari kwa gari la baba.

Gari lenyewe! Landrova kuukuu, wazi nyuma, baba aliinunua kwa mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa haiwaki bila kusukumwa. Kazi hiyo ilikuwa yangu na dada yangu, aliyenizidi miaka miwili. Tunasukuma, gari linakohoa, linashika, baba hasimami asije akalizima. Dada anarukia nyuma, ananipa mkono, ananivuta. Tulishakuwa mafundi.

Tuliondoka alfajiri. Mama alikaa mbele na kapu magotini, hataki mtu aliguse. Mama yangu huyo, ambaye safarini alikuwa anaongea mpaka baba anaomba poo, siku hiyo kimya. Dada naye hakunichokoza hata mara moja. Nikadhani wana usingizi.

Kabla ya kufika Misigiri jiwe likaruka likapiga tangi. Mara tukasikia harufu ya petroli. Baba akaingia chini ya gari, akatoka na shati limelowa.

"Tumekwisha," akasema.

Mama akadakia, "Basi turudi, baba watoto. Labda Mungu hajapenda."

Baba akatazama jua, akakuna kichwa. Nikaona kabisa anataka kukubali. Ningekaa kimya tu, jamani! Lakini mimi na kiherehere changu nikaangua kilio, nikakumbuka jirani yetu dereva alivyowahi kuziba tangi kwa sabuni.

"Sabuni, baba! Tuzibe kwa sabuni! Mama anayo kwenye kapu."

"Hakuna sabuni," mama akasema.

Nilikuwa nimemwona kwa macho yangu akiitia mle asubuhi. Nikapitisha mkono ubavuni mwake, nikapapasa, nikautoa mche wa sabuni. Ulikuwa umeviringishwa ndani ya gauni langu. Nikafurahi kweli, nikajua mama amenibebea nguo ya kubadili nikichafuka. Akili ya mtoto.

Baba akakata kipande, akakikanda kwa maji mpaka kikalainika, akaziba. Petroli ikaacha kudondoka. Akanipiga begani akasema, "Huyu mtoto ana akili." Mama akageuza uso akaangalia mashamba ya uwele. Tukasukuma, gari likashika, dada akanivuta.

Kwa shangazi tulipokewa kwa vigelegele. Nikampa shikamoo, akanishika kichwa kwa mikono miwili, hataki kuniachia. Alikuwa amechinja kuku. Chakula kilipoletwa akanitilia firigisi kwenye sahani yangu, mimi mtoto wa kike, mbele ya baba! Nikamwangalia baba nikisubiri anipokonye. Baba akamega ugali, akachovya mchuzi. Nikala haraka kabla hajabadili mawazo.

Hatukukaa. Baba akasema saa nane isitukute njiani. Tukasukuma, mimi upande wangu, dada upande wake. Lilikuwa zito siku hiyo, nikasukuma kwa nguvu zangu zote mpaka likashika. Dada akarukia ndani. Nikakimbia, nikanyoosha mkono kama siku zote.

Dada akauangalia mkono wangu, kisha akaficha wa kwake kwapani.

"Dada! Nivute!"

Gari likakata kona. Mama hakugeuka. Nilikimbia ndani ya vumbi nikiita, nikidhani baba hajui kwamba sijapanda. Nilipochoka nikageuka, nikamwona shangazi anakuja nyuma yangu taratibu, amebeba lile kapu la mama. Ndipo nikaelewa. Walinisaliti, wote watatu, na hata kuniaga hawakuniaga.

Shangazi hana kosa, nisije nikamsingizia. Alinilea, akanisomesha, na hadi leo nikisema "mama" bila kufikiri, namaanisha yeye. Aliyenizaa alikuja wakati wa mavuno na kitenge. Akasema hakuniaga kwa sababu aliogopa nitalia.

"Nililia vilevile," nikamwambia.

Lakini kilichonikaba miaka yote ni ule mkono. Tulipomaliza msiba wa mama, mimi na dada tukiwa wazee tayari, nikamuuliza. Akachezea pindo la khanga.

"Shangazi hakutaja anamtaka yupi," akasema. "Asubuhi ile baba aliniambia, mdogo wako akigoma kubaki, utabaki wewe. Ningekuvuta, ningeshuka mimi."

Mtoto wa miaka kumi na moja kuambiwa hivyo! Nilimwelewa. Ila mtu akiniuliza kama nimemsamehe, namjibu kwa hasira, maana nimeshajiuliza mara nyingi ningefanya nini kama ningekuwa mimi niliye ndani ya gari, na yeye ndiye anayekimbia. Nisingempa mkono.