Shikamoo Mia Saba Kando ya Barabara ya Korogwe

Harufu ya mkonge uliokamuliwa, wenzangu, haina sifa. Inanuka kama mtungi wa maji uliosahauliwa tangu enzi za Mjerumani. Lakini basi likikaribia Hale na harufu ile ikaingia dirishani, magoti yangu huanza kuuma yenyewe, nami narudi kuwa mtoto wa miaka saba, nimesimama Korogwe kando ya barabara, siku ya sikukuu ya Uhuru.

Tulitoka kijijini Handeni, huko ndani nyuma ya Mkata, mimi na mama, kwa miguu na kisha kwa basi lililosimama kila penye kichaka. Baba alikuwa amekwenda Korogwe kukata mkonge, na mwaka wa pili ulikuwa unakatika bila barua. Kijijini walishasema yao: amepata mke mwingine kambini. Mama alifunga unga wa muhogo kwenye kitambaa, akanishika mkono, tukaondoka.

Korogwe ya siku zile, kwa macho yangu, ilikuwa jiji lisilo na mwisho. Baiskeli nyingi kuliko kuku wa kwetu! Tulipouliza njia ya kambini, mama mmoja muuza vitumbua alicheka.

"Kambini leo utamkuta nani, dada? Wote wanaandamana. Simama hapa na mwanao, mumeo atapita mbele ya pua yako."

Tukasimama. Jua la Desemba lilishuka lote likakaa juu ya kichwa changu peke yangu. Ng'ambo ya barabara walijipanga wanawake wa kambini na kanga zao mpya. Kila mmoja akimwona mumewe anapita, anampigia vigelegele.

Maandamano yakaja: tarumbeta, vijana wa chama wenye mashati ya kijani, watoto wa shule, kisha wakata mkonge, safu baada ya safu. Sasa mimi nimelelewa Handeni. Kwetu mtu mzima hapiti njiani mbele ya mtoto bila shikamoo. Ukimwacha akapita, habari inafika nyumbani kabla yako, na fimbo inakungoja. Basi nikaanza. Shikamoo. Shikamoo. Shikamoo. Mmoja mmoja, nikipiga goti kila mara, maana msichana haamkii wima. Watu mia saba, kama si elfu! Hakuna aliyeitika hata mmoja. Wote macho mbele, mikono inapanda na kushuka.

"We mtoto, utavunjika magoti," muuza vitumbua akaniambia. "Watu wa gwaride hawaamkiwi!"

"Nisipowaamkia, mama atasemwa," nikamjibu, sauti imeshanikauka.

Ndipo baba alipopita. Safu ya mwisho kabisa, panga begani, viatu dhahiri si vyake. Nikapiga goti, nikatoa shikamoo iliyobaki kooni. Baba hakugeuka. Macho mbele, kama wale wengine.

Niliketi vumbini nikalia. Mama hakunibembeleza. Alikuwa bado anatazama ng'ambo. Kisha likaja lori la mihogo lililopambwa majani, na mama akapiga vigelegele. Kwa mihogo! Alivipiga mpaka watu wakageuka, nami nikaona haya. Mihogo si ndiyo tuliyokula tangu tuzaliwe?

Gwaride lilipovunjwa baba alikuja anachechemea, viatu mkononi.

"Marahaba, mwanangu. Nilikusikia. Msimamizi alisema atakayegeuza shingo, kesho asije kazini." Kisha akamgeukia mama, akiangalia chini. "Barua... kuandika sijui. Ningemwambia nani aniandikie maneno ya mke wangu?"

Mama akamnunulia vitumbua. Baba, aliyeamka alfajiri na kutembea tangu kambini, alisinzia cha pili kikiwa bado mdomoni.

Nimekuwa mtu mzima, nimesoma madarasa ya jioni mpaka nikapata cheti, na bado ilinichukua miaka kulielewa lile lori. Mama hakwenda Korogwe kutazama gwaride. Hata baba alipopita, hakumtazama sana. Macho yake yalikuwa kwa wale wanawake wa ng'ambo, aone ni nani kati yao atakayempigia baba vigelegele. Baba akapita mbele yao wote, wa kwanza hadi wa mwisho, na hakuna aliyefungua mdomo.