Pikipiki Iliyopanda Newala Mabegani

Harufu ya petroli niliijua kabla sijaona gari. Ilifika Masasi ndani ya madebe, vichwani mwa wapagazi waliotoka Lindi kwa njia ya Nanganga, na nyuma yao alikuja Mjerumani mwenye miwani akisukuma pikipiki kwenye mchanga. Ilikuwa miaka michache baada ya Vita vya Maji Maji, nami nilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Mjerumani yule alikuwa mpima ardhi. Alitaka kuondoka Ijumaa na kufika Newala Jumatatu, akilala njiani ndani ya hema lake. Baba yangu, Myao wa Masasi, alipewa kazi ya unyapara wa wapagazi. Mama alichukuliwa kupika, nami nikafuatana naye.

Baba hakujua kwamba mama aliiomba kazi hiyo kwa sababu yake mwenyewe. Dada yangu Zuhura alikuwa amechumbiwa, na kwa watu wa mama, Wamakonde wa upande wa Mnyambe, binti haozwi mpaka mjomba wake akubali. Mjomba wetu alikuwa mmoja tu. Alipigana katika vita, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya boma ya watu wanaosakwa. Tangu hapo tulipata habari zake kwa mdomo wa wapita njia: yu hai, analima, amejificha kijiji fulani karibu na Makote. Mama alikusudia kumwona walau mara moja na kusikia neno la ndiyo kutoka kwake. Aliniambia mimi peke yangu, wakati tukipepeta mtama.

Bondeni pikipiki ilikwenda vizuri, ila kila tulipokaribia kijiji tulikikuta kitupu. Mlio wake ulifanana na bombomu, ile bunduki ya Wajerumani iliyofyatua mfululizo, na watu hawakungoja kuhakikisha. Niliona moto ukiwaka chini ya vyungu visivyo na mpishi. Niliona kinu na mchi ndani yake, unga ukiwa nusu. Mjerumani alipiga hema pembeni mwa vijiji hivyo vitupu, akaandika katika daftari lake, asubuhi tukaendelea. Tulipofika chini ya mlima wa Newala njia ikawa mawe matupu. Wapagazi wakakata miti miwili, wakaifunga pikipiki katikati kwa kamba, wakaiinua kama mgonjwa kwenye machela.

"Bwana alisema hii inabeba mtu," mmoja alisema kwa Kimakonde, jasho likimtiririka. "Sasa nani anambeba nani?"

"Nyamaza," mwenzake alijibu. "Ikisikia itataka na uji."

Walicheka mpaka askari aliyetusindikiza akawauliza wanacheka nini. Askari huyo alitoka mbali na hakujua lugha ya huku. Baba akamwambia wanaomba maji. Maji yenyewe yalikuwa machache, kwa kuwa kule juu hakuna kisima, na tulichobeba kwenye vibuyu kilipimwa kwa kata.

Siku ya Jumatatu tulipita kando ya kichaka kikubwa. Wamakonde wa wakati ule walijenga ndani ya vichaka vya namna hiyo, na kijia cha kuingilia kilipinda kiasi kwamba mgeni hakuona hata paa. Desturi ilikuwa kusimama nje na kuliita kwa sauti jina la uliyemfuata, ili wenyeji wajue umekuja kwa heri. Mama alikitambua kichaka, akapunguza mwendo. Nilimwona anavyokitazama, nikajua ndipo hapo. Nilikuwa nimefundishwa adabu, nami nilitaka kuonyesha kwamba nimefundika. Nikasimama kwenye mdomo wa kijia, nikaliita jina la mjomba wangu mara tatu.

Askari akageuka. "Jina hilo nimelisikia bomani. Ni la nani?"

"La shemeji yangu, afande," baba alisema bila kusita. "Alikufa wakati wa njaa. Mtoto hajaambiwa."

Askari alimtazama mama kwa muda. "Mbona dada yake halii?"

Mama akakaa chini kwenye vumbi, akafungua kitambaa cha kichwa, akalia. Alimtaja ndugu yake kwa majina yote ya utoto, akamuuliza amemwachia nani Zuhura. Wapagazi wakaishusha pikipiki na kulia pamoja naye. Mmoja wao, yule aliyekuwa ametuletea habari za mjomba mwezi uliotangulia, aliyekula naye muhogo katika chungu kimoja, alilia kuliko wote. Mjerumani alivua kofia. Ndani ya kichaka hakuna hata kuku aliyelia.

Asubuhi yake mama alinyolewa nywele, maana askari alikuwa bado anaangalia, na msiba ulioanzwa haukatizwi. Hapo ndipo nilipoelewa nililofanya. Mtu aliyeliliwa hadi ndugu yake akanyoa nywele hawezi tena kusimama mbele ya watu na kuoza binti. Zuhura aliozwa na jamaa wa mbali wa ukoo. Baadaye akaja mpita njia, akamwambia mama, "Marehemu anashukuru kwa kilio, ameshavuka Ruvuma, yuko kwa Wareno." Mama alicheka kidogo, kisha akalia kwa mara ya pili, na safari hii hakuna aliyemuuliza kitu. Mimi hakuwahi kunikaripia. Habari nyingine za mjomba hatukuzipata.

Wajerumani waliondoka zamani. Leo kijana anatoka Masasi asubuhi kwa pikipiki na kula chakula cha mchana Newala, na vijiji anavyopita watoto wanakimbia kuifuata, hawaikimbii. Juzi mjukuu wangu alitaka majina ya wazee wa ukoo ayaandike kwenye daftari la shule. Nilimtajia kwa mpangilio, naye akaandika, kisha akaniuliza kwa nini mama yangu hakuwa na kaka. Nilimwambia alikuwa naye. Akashika kalamu akingoja. Nilifungua kinywa nilitaje jina la mjomba, lakini kwanza niligeuka kutazama mlangoni.