Molasi, nyuki na rinda la marehemu mke wangu

Wakuu, mko salama? Jumamosi iliyopita asubuhi, hapa kwangu Gakindu, nilipoteza ndoo ya maziwa, gumboot moja na heshima yote niliyokuwa nayo kanisani.

Nitaandika vile ilivyokuwa, hata pale pa aibu.

Mke wangu, Mama Muthoni, alifariki mapema mwaka huu. Aliacha ng'ombe mmoja, Kanini, na mizinga miwili ya nyuki nyuma tu ya boma.

Nyuki hawakuwa na shida na mimi. Kanini ndiye alikuwa nayo. Alizoea kukamuliwa na marehemu peke yake. Mimi nikishika chuchu, anabana maziwa na kunitazama kama mwizi.

Jirani yangu Baba Kanyi akaniambia, "Vaa nguo za mama. Ng'ombe anajua harufu."

Wafugaji mnajua huu si uchawi. Nikavaa rinda lake la maua na kitambaa chake cha kichwa. Kanini akaachilia maziwa. Nililia kidogo, nikaendelea kukamua.

Sasa kosa langu. Ni kiangazi, majani hakuna, kwa hivyo nikamwagia mabua makavu ya mahindi molasi, ule uji mweusi mtamu wa miwa, ndio ayale. Sikufikiria kwamba maua pia hakuna, na nyuki wana njaa.

Walikuja wote.

Kanini akarusha teke, ndoo ikaenda, na karai ya molasi ikanimwagikia mapajani. Chakula kikawa mimi.

Nikatoka mbio, gumboot mguu mmoja, soksi mguu mwingine. Kwa geti nikakutana na akina mama wawili wa kanisa waliokuja kunifariji. Wao waliona rinda na kitambaa.

"Ngai! Mama Muthoni amerudi!"

"Ngojeni!" nikapiga kelele.

Nani angengoja? Mmoja, mwenye magoti mabaya ya miaka mingi, aliruka ua wa miiba.

Baba Kanyi alinitoa miiba ya nyuki akicheka mpaka akakaa chini. "Baba Muthoni, uza ng'ombe ama uza nyuki. Ama uendelee kuvaa hivyo, tukutafutie bwana."

Nikamwambia siuzi. Wote walikuwa wake.

Nimejifunza hivi: kama una nyuki, mpe ng'ombe molasi jioni nyuki wakiwa wameingia mzingani, na mizinga ikae mbali na boma. Mwenye ujuzi wa kuhamisha mzinga bila kukimbia aandike hapo chini. Kucheka pia ruhusa.

Jana rinda lilikuwa kwa kamba, halijakauka. Nikaingia bomani na shati yangu ya kawaida.

Kanini alininusa kifua kwa muda mrefu. Akapiga ndoo teke moja. Halafu akaachilia, kikombe kimoja na nusu hivi.

Nikapika chai.