Tajiri wa Sato, Maskini wa Dawa

Nilikuwa barazani kwangu Pasiansi nakunywa chai nilipopigiwa simu: jirani yetu mkusanya bei amefariki. Nilikiweka kikombe chini kabla ya kukimaliza, na haikuwa kwa huzuni peke yake.

Wasomaji wangu mnanifahamu. Niliondoka Mwanza sina hata begi la maana, nikabeba maboksi ughaibuni, nikasoma jioni mpaka nikapata stashahada ya uhasibu, nikarudi kujenga nyumba ambayo wapita njia husimama kuitazama. Sikusaidiwa na mtu. Marehemu ndiye aliyenieleza kwa nini akiba iliyokuwa ya kawaida kule ilinifanya tajiri huku. "Kaka, hela yako haijaongezeka," aliniambia. "Kule ilikuwa inamlipa kinyozi wa kule. Huku inamlipa kinyozi wa Buzuruga." Kazi yake ilikuwa kuzunguka masokoni akiandika bei za vitu ambavyo bei zake huulizwa pia nchi nyingine, ili pato la nchi yetu lisipimwe kwa kugeuza shilingi kuwa dola tu, bali kwa kile ambacho shilingi inanunua hapa. Kwa kipimo hicho nchi kama yetu huonekana kubwa zaidi. Nilikipenda sana, maana hata mimi kilinikuza.

Siku moja nilimsindikiza mwaloni, kwenye soko la samaki la ufukweni. Pale sato huuzwa kwa fungu, naye alitaka bei ya kilo, kwa hiyo alibeba mizani. Mama muuzaji alipoiona tu akapaza sauti: "Shikamoo baba wa mizani! Leo unanunua, au umekuja kuwapima samaki wangu homa?" Akajibiwa, "Marahaba, leo nanunua," na papo hapo mama akatupia sato wengine juu ya fungu. Mteja wa pembeni akang'aka: "Mbona mimi jana hukuniongeza hata mkia?" Mama akamgeukia: "Wewe una mizani? Nani anataka kuandikwa serikalini kwamba fungu lake dogo?" Tulicheka mpaka barabarani. "Umeona?" akasema marehemu. "Kila nikitoa mizani, samaki wanaongezwa, bei ya kilo inashuka, na nchi inatajirika." Tangu hapo aliiacha nyumbani, akawa ananunua kama mtu yeyote na kupima jikoni kwake. Mkewe alichoka kula sato.

Halafu figo zake zikashindwa kazi, akawa anakwenda kusafishwa damu. Nilipomtembelea hospitalini bado alikuwa anapiga hesabu za bei. "Kitanda hiki ni bei ya hapa," alisema taratibu. "Nesi, bei ya hapa. Lakini chujio na dawa zinatoka nje, kwa dola. Figo hazijui kama niko Mwanza." Familia iliuza kiwanja cha Mkolani. Hela ya kiwanja ilipoisha, alianza kuruka siku za kusafishwa, kwanza mojamoja, baadaye nyingi. Mtu aliyekula samaki wazuri kila juma alikufa kwa kukosa kitu ambacho hakuna mama wa mwaloni anayekiuza.

Sasa nasema kilichokuwa zaidi ya huzuni. Nina shinikizo la damu la miaka mingi, na daktari ameniagiza nikapime figo. Sijakwenda. Kila asubuhi nabonyeza muundi kwa kidole na kusubiri kuona kama shimo litabaki, maana figo zikishindwa miguu huvimba. Nyumba ninayo, shamba ninalo, kinyozi ananijia nyumbani. Lakini nikiingizwa chumba kile cha kusafishia damu, akiba yangu itasinyaa mara moja irudi kuwa ile ndogo ya ughaibuni. Nchi nayo iko hivyohivyo. Walimu, mafundi na chakula chetu vinatukuza kwenye vipimo, na vipimo havidanganyi. Vinaeleza tunavyoishi tukiwa wazima. Siku tunayohitaji mashine, mafuta au dawa, tunasimama mbele ya dunia na shilingi yetu ileile nyembamba, na siku hiyo haituulizi kama tuko tayari.

Basi usijivunie tu wingi wa vitu ambavyo hela yako inanunua. Jiulize ni kitu gani huwezi kuishi bila hicho, na kinauzwa kwa fedha ya nani. Na ulijue jibu mapema, hata kama linatisha. Safu hii ikitoka nitakuwa kwenye foleni ya vipimo. Nimeandika hivyo kwa makusudi, ili nikibaki nyumbani, atakayepita Pasiansi na kuniona barazani anipigie kelele.